Walter Goetze na Mimea ya Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Desturi ya wanabotania kuandikiana barua na kupelekeana mimea iliyokaushwa ilifika katika Afrika ya Mashariki mapema katika karne ya 19. Mwaka 1824 Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia aliyefanya makao Mauritius, alikusanya mimea Unguja, Pemba na Mombasa. Mwaka 1829 William Hooker, aliyekuwa akifundisha Glasgow, alichapisha jina ambalo Bojer alikuwa ameupa mti wa Madagaska ambao Watanzania wengi huuita mkrismasi. Katika mawasiliano ya aina hiyo mtu alijibiwa na mtu. Maisha ya Walter Goetze yanadhihirisha sura nyingine ya desturi hiyohiyo, iliyofuatana na dola ya kikoloni: mkusanyaji hutuma, na taasisi ndiyo inayonena.

Goetze, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1872, alitumwa mwaka 1898 kwa fedha za mfuko wa Heckmann-Wentzel, uliokuwa chini ya Akademia ya Sayansi ya Berlin, ili achunguze mimea ya Ziwa Nyasa na milima ya Wakinga. Kutoka pwani alipitia Uluguru akaingia Uhehe, nchi iliyokuwa imempoteza Mkwawa mwezi Julai mwaka huohuo wa 1898. Elimumimea, kwa hiyo, ilipita katika njia zilizokwisha kufunguliwa kwa bunduki, na ni vigumu kuitenga safari hii na ushindi huo.

Alipoyavuka maeneo ya Wakinga na kushuka ziwani, alikuta nchi ambayo si rahisi kuipata mfano wake. Uwanda wa Kyela, ambao Wajerumani waliuita nchi ya Konde, uko kiasi cha meta 500 tu juu ya usawa wa bahari, una mito mingi na mvua nyingi mno. Ilhali kilele cha Rungwe, kilicho mwendo wa siku chache kwa miguu, kinakaribia meta 3,000. Mimea ya kinamasi, ya msitu na ya nyasi za mlimani hukaribiana hapo kuliko inavyotarajiwa. Lakini unyevu uleule unaoistawisha ndio adui wa mkusanyaji. Kila tawi hubanwa kati ya karatasi, karatasi zikalowa, zikabadilishwa na kukaushwa tena, la sivyo kuvu huharibu kazi ya majuma. Kisha huja namba, mahali na tarehe. Namba za Goetze zilipita 1,000, na mizigo hiyo yote ilibebwa na wapagazi ambao majina yao hayamo katika majina ya mimea.

Langenburg, kituo cha kwanza cha Wajerumani ziwani, kilikuwa Lumbira, chini ya Milima ya Livingstone. Barua na mizigo ya Ulaya kwa kawaida ilisafiri kwa meli kuelekea kusini, ikafuata mto Shire na Zambezi hadi Chinde. Hapo Langenburg, mwezi Desemba 1899, Goetze alifariki akiwa hajatimiza miaka 30.

Jibu lilikuja baadaye. Adolf Engler, mkurugenzi wa Bustani ya Mimea ya Berlin, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya safari katika jarida lake mwaka 1900 na 1901. Humo Hermann Harms aliuita mgunga mmoja Acacia goetzei, ambao siku hizi wataalamu wengi huuweka katika jenasi ya Senegalia. Heshima hiyo ni ya haki, ila ni heshima ya upande mmoja: jina hilo halimwambii msomaji lolote juu ya mti wenyewe wala waliouishi.

Kazi iliendelezwa na Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian huko Kyimbila, karibu na Tukuyu, ambaye Rudolf Schlechter alimkumbuka mwaka 1915 kwa jenasi ya okidi, Stolzia. Tofauti yake na Goetze ni kubwa: Stolz aliishi miongoni mwa Wanyakyusa kwa miaka mingi, hakupita tu.

Mwezi Machi 1943 mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea mikavu ya Berlin. Kilichonusurika kwa kiasi kikubwa ni nakala ambazo Berlin ilikuwa imezigawia taasisi nyingine, Kew ikiwa mojawapo. Na anayetaka kuhakiki mmea uliochumwa na Goetze kando ya Nyasa mwaka 1899 huanzia huko.