Profesa Linus Pauling: Mtaalamu Aliyetunza Amana ya Barua





Katika jarida letu tumezoea kuwaletea maisha ya Masahaba na ya wanavyuoni wa Kiislamu. Mara hii tumeona tuwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwa Muislamu. Huenda mzazi akauliza, mtu huyu anatafuta nini katika jarida la madrasa? Jawabu letu tunalitoa katika Sira. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wahamie Uhabeshi, kwa sababu mfalme wa huko, Najashi, alikuwa muadilifu, na wakati huo alikuwa Mkristo. Makureshi walipompelekea zawadi ili awatoe wale wakimbizi, alikataa. Basi tumefundishwa kuutambua uadilifu popote unapoonekana. Wanafunzi waiweke habari hiyo ya Najashi akilini, maana tutairudia.

UTOTO WAKE

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Herman, alikuwa na duka la dawa. Mtoto alipenda kusoma mno, hata vitabu vya nyumbani vikamwishia. Mwaka 1910 baba yake aliandika barua kwa gazeti la mjini kwao akiomba ushauri: ana mtoto wa miaka 9 asiyeshiba kusoma, je, ampe vitabu gani? Muda mfupi baada ya barua hiyo Herman alifariki ghafla. Mama akabaki mjane na watoto watatu, akawa anaendesha nyumba ya kulaza wapangaji ili wapate kula.

Linus alikua yatima, akifanya vibarua huku anasoma. Mwaka 1917 aliingia Chuo cha Kilimo cha Oregon. Mwaka 1919 fedha zilimpungukia, ikawa hawezi kuendelea na masomo. Walimu walikwishaona uwezo wake, wakampa kazi ya kufundisha kemia pale pale chuoni, naye ana umri wa miaka 18 tu. Baadaye, mwaka 1922, katika darasa alilofundisha alikuwamo msichana mmoja aitwaye Ava Helen Miller. Walioana mwaka 1923. Mwaka 1925 alipata shahada ya udaktari katika Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, na hapo alifundisha kwa miaka mingi.

ELIMU YAKE NA MARADHI YA SELIMUNDU

Profesa Pauling alichunguza jinsi chembe ndogo kabisa za vitu zinavyoshikana. Kitabu chake juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 1939, kilisomwa na wanakemia duniani kote. Lakini kazi yake inayotugusa zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki ni ile ya mwaka 1949. Yeye na wenzake watatu walionyesha kwamba maradhi ya selimundu yanatokana na kasoro katika hemoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba hewa safi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa maradhi kuelezwa kuwa chanzo chake ni kasoro ya molekuli moja. Katika nchi zetu selimundu imo katika nyumba nyingi, na madaktari wanaoitibu leo wamejenga juu ya msingi ule. Mwaka 1954 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

MKEWE NA NJIA YA AMANI

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Profesa Pauling aliifanyia kazi serikali yake, pamoja na utafiti wa baruti, na mwaka 1948 alipewa nishani kwa ajili hiyo. Hata hivyo, alipoitwa kuongoza idara ya kemia katika mradi wa kutengeneza bomu la atomiki, hakwenda. Tarehe 6 na 9 Agosti 1945 mabomu hayo yalipoangushwa juu ya Hiroshima na Nagasaki, alianza kutoa mihadhara kuwaeleza watu bomu hilo ni kitu gani.

Siku moja baada ya mhadhara, mkewe alimnasihi. Alimwambia kwamba anapozungumza kemia watu huona anajua, lakini anapozungumza vita na amani huonekana anategemea maneno ya wengine. Wanaume wengi wangekasirika. Yeye aliikubali nasaha ile, akaanza kusoma historia, sheria na mambo ya mataifa kama mwanafunzi mpya. Baadaye alisema wazi kwamba Ava Helen ndiye aliyemtia katika njia hiyo.

Njia hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1952 alialikwa London kwenye mkutano wa wanasayansi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikamnyima pasi ya kusafiria, kwa hoja kwamba safari yake haina maslahi kwa nchi. Alimwandikia hata Rais Truman, lakini hakufaulu kusafiri kwa mkutano ule. Kwao walimshuku kuwa mkomunisti. Na huko Urusi, katika miaka ile ile, wakubwa wa sayansi walikuwa wakiipinga nadharia yake ya kemia kuwa haiafiki itikadi yao. Mtu wa haki mara nyingine hukosa pa kuegemea pande zote mbili.

BARUA ZA KILA SIKU

Sasa tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Katika miaka ya 1950 mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia hewani. Kila jaribio liliacha vumbi lenye mionzi. Upepo ulilichukua mbali, mvua ikalishusha juu ya majani, ng'ombe wakala, na mtoto akanywa maziwa. Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na kitu kiitwacho strontiamu 90, ambacho mwili hukidhania kalsiamu na kukiweka ndani ya mifupa. Mtoto aliyenywa maziwa yale hakuwa na vita na mtu yeyote.

Tarehe 15 Mei 1957 Profesa Pauling alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Baada ya mhadhara, yeye na wenzake wawili, Barry Commoner na Edward Condon, waliandika waraka mfupi wa kutaka majaribio yale yasimamishwe kwa mapatano ya mataifa. Waraka ulitolewa nakala na kutumwa kwa posta kwa wanasayansi wenzao. Kwa muda wa wiki chache zaidi ya Wamarekani 2,000 walikuwa wametia saini.

Kisha barua zikaanza kuja kutoka nchi za nje. Nyumbani kwao Pasadena, Profesa na mkewe, pamoja na wasaidizi wachache, walitia karatasi ndani ya bahasha, wakaandika anwani, wakabandika stempu. Majibu yakaja, nao wakayajibu. Hawakuwa na chama kikubwa nyuma yao wala mfuko wa fedha. Walikuwa na meza, karatasi na subira. Januari 1958 walimkabidhi Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, waraka ule ukiwa na saini zaidi ya 9,000. Baadaye zilifika 11,021 kutoka nchi 49, na kati ya waliosaini walikuwamo zaidi ya 30 waliopata Tuzo ya Nobel.

Mmoja wa waliosaini alikuwa Daktari Albert Schweitzer, aliyekuwa na hospitali Lambaréné, nchini Gabon. Mwaka 1959 Profesa Pauling na mkewe walisafiri hadi huko kumtembelea. Na Waafrika walikuwa na haki ya kujali jambo hili, kwani tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki katika jangwa la Sahara, huko Reggane, Algeria, katika ardhi ya ndugu zetu Waislamu, wala wenyewe hawakuombwa ruhusa.

MBELE YA KAMATI

Wapo waliosema kwamba haiwezekani mtu na mkewe wakakusanya saini nyingi kiasi kile; lazima kuna mkono wa wakomunisti. Tarehe 21 Juni 1960 Profesa Pauling aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti mjini Washington. Majina ya waliosaini hayakuwa siri, yalikwishapelekwa Umoja wa Mataifa. Kamati ilitaka kitu kingine: majina ya watu waliomsaidia kukusanya saini, pamoja na barua walizomwandikia.

Wanafunzi wetu, tafakarini mtihani huu. Katika miaka ile mtu aliyetajwa mbele ya kamati kama ile aliweza kupoteza kazi na heshima yake. Wengi wa wasaidizi wale walikuwa vijana, hawakuwa na jina kubwa la kuwakinga. Walimwandikia kwa kumwamini. Kwa upande wake, akikataa kujibu, angeweza kushtakiwa kwa kulidharau Baraza na kufungwa jela.

Alikataa. Alisema mambo yake mwenyewe atayajibu yote, lakini hatawatia wengine hatarini kwa sababu ya kumsaidia. Aliitwa tena tarehe 11 Oktoba mwaka ule ule. Alikuja, akajibu maswali kwa saa nyingi, na lile la majina na barua akalikataa tena. Kamati haikumshtaki. Hapa ndipo tunapomkumbuka Najashi, aliyeombwa awatoe watu waliomtegemea, naye akasema hapana.

ALIWAANDIKIA WAKUBWA WA PANDE ZOTE

Profesa Pauling hakuwa mtu wa kuona kosa la upande mmoja tu. Mwaka 1961 Urusi ya Kisovieti iliporudia majaribio, alimwandikia kiongozi wake, Khrushchev, kumpinga. Mwaka 1962 Marekani ilipotaka kurudia majaribio ya hewani, alimwandikia Rais Kennedy kwa maneno makali. Mwezi Aprili mwaka huo alisimama na waandamanaji mbele ya Ikulu ya Marekani, na jioni ya tarehe 29 akaingia ndani ya Ikulu hiyo hiyo kwa chakula alichoandaliwa na Rais pamoja na washindi wengine wa Nobel. Hakuwa na uso wa nje na uso wa ndani.

Tarehe 5 Agosti 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kuacha majaribio ya hewani, ya chini ya bahari na ya anga za juu. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Oktoba 1963, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kuwa Profesa Pauling amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1962. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyepata tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mtu. Hata hivyo si wote waliofurahi. Baadhi ya magazeti ya kwao yalimlaumu, na kwa kuona chuo chake hakimuungi mkono, alikiacha baada ya zaidi ya miaka 40.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Hatukusudii kumfanya mtu asiyekosea. Katika uzee wake alidai mambo makubwa juu ya vitamini C, ikiwemo kutibu saratani, na majaribio ya madaktari hayakuthibitisha. Hilo nalo ni funzo: mtu hata akiwa mjuzi vipi, kauli yake hupimwa kwa ushahidi.

Ava Helen alifariki tarehe 7 Disemba 1981. Mwaka 1986 Profesa alikitunukia chuo chake cha kwanza, kilichokwisha kuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, karatasi zake na za mkewe: barua zilizokuja, nakala za majibu, na daftari za utafiti, jumla karibu nusu milioni. Alifariki tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka 93.

MAZINGATIO

1. Elimu ina haki juu ya mwenye nayo. Aliyejua madhara ya vumbi lile hakunyamaza kwa kuogopa cheo chake.

2. Kazi ndogo ya kila siku haidharauliwi. Bahasha moja haikubadilisha kitu, maelfu yalibadilisha. Na Mtume wetu (S.A.W.) naye alitumia barua kuwafikishia wafalme ujumbe, akazipiga muhuri wa pete yake ya fedha.

3. Nasaha ya mke au ya mtu wa karibu ni neema kwa anayeipokea.

4. Amana. Usiku wa Hijra Makureshi walitaka kumuua Mtume (S.A.W.), na bado alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma arudishe amana za watu wa Makka. Siri ya mtu aliyekuamini nayo ni amana.

Na hapa tukiri la kwetu. Tulipokuwa wadogo, mama mmoja jirani asiyejua kuandika alikuwa akija tumwandikie barua za mwanawe aliyekuwa Uarabuni. Siku moja tuliyatoa barazani maneno yake ya ndani, watoto wakacheka. Habari zikamfikia. Hakutugombeza wala hakutusemea kwa wazazi. Hakuja tena tu. Tangu hapo tumejua kwamba kuandika barua nzuri ni kazi nyepesi, kazi nzito ni kuitunza.

Leo barua zimekuwa ujumbe wa simu. Kabla hujampelekea mwingine maneno uliyoandikiwa wewe peke yako, jiulize mwenyewe angeridhia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie tuwe waaminifu, awape shifaa wagonjwa wetu wa selimundu, na ajaalie amani katika nchi zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.