Bach na Kabati la Kakake

Safari hii nimeonelea tutoke kidogo katika pwani yetu, twende Ujerumani ya karne tatu zilizopita, tukamtazame mtu ambaye jina lake limeenea ulimwengu mzima lakini huku kwetu wengi hulisikia tu wasimjue mwenyewe. Mtu huyo ni Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki. Najua watakuwapo watakaouliza nyimbo za kanisani zatuhusu nini sisi. Jawabu langu ni kuwa siangalii ibada yake. Naangalia fundi na kazi yake, na vile kazi hiyo ilivyofungiwa, ikatawanyika, nyingine ikapotea, hata leo ikawa yafunguliwa mlango aingie kila mtu bila ya kutoa senti.

Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach. Ukoo wao ulikuwa wa wapiga ala, mwana kwa baba na baba kwa babu, kama zilivyo kwetu nyumba za mafundi wa majahazi na wachonga nakshi za milango. Mamake alifariki mwaka 1694, na machozi hayajakauka, babake naye akafuata mapema mwaka 1695. Mtoto akawa yatima wa pande zote mbili hajatimiza hata miaka kumi. Akachukuliwa na kakake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf.

Hapo ndipo penye kisa nikipendacho kuliko vyote. Yule kaka alikuwa na kitabu cha nota za mabingwa wa zama zile, naye alikifungia ndani ya kabati lenye mlango wa kimia. Mtoto alikiomba, akanyimwa. Basi usiku watu wakisha kulala, alikuwa akiipenyeza mikono yake midogo katika matundu ya kimia, akikikunja kile kitabu na kukitoa, akakaa kunakili kwa mbalamwezi, maana hata mshumaa hakuwa nao. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Alipomaliza, kakake akagundua, akamnyang'anya nakala yake yote. Kisa hiki kimo katika tanzia iliyochapishwa mwaka 1754, ambayo mmoja wa walioiandika alikuwa mwanawe Bach, Carl Philipp Emanuel. Sisi tuliosoma chuoni, tukaandika ubaoni, tukafuta, tukaandika tena, twajua kwamba karatasi yaweza kunyang'anywa, lakini kilichopita mkononi kikaingia kifuani hakina wa kukinyang'anya.

Mwaka 1705, naye ni kijana wa miaka ishirini na mpiga kinanda wa mji wa Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza bingwa Dietrich Buxtehude. Alikwenda kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na kurudi kwake ikawa ni baada ya miezi minne hivi. Wakubwa wake wakamwita wakamhoji. Lakini angefanyaje? Nota zilizochapishwa zilikuwa chache tena ghali. Mwenye kutaka kusikia kazi ya bwana fulani ilimbidi amwendee alipo, au awe na jamaa mwenye kabati.

Miaka ya katikati sitaikalia sana. Alitumikia jumba la wakuu wa Weimar tangu mwaka 1708, na alipong'ang'ania kuacha kazi mwaka 1717 akatiwa kifungoni kama wiki nne. Akahamia Köthen. Mwaka 1720 alisafiri na mkuu wake, na aliporudi akamkuta mkewe, Maria Barbara, ameshafariki na kuzikwa. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji hodari, aliyekuja kuwa pia mnakili wa kazi zake. Kwa wake hao wawili alipata watoto ishirini, na waliofikia utu uzima ni kumi tu.

Mwaka 1723 alikwenda Leipzig, akakaa huko hata mwisho wa maisha yake. Wakubwa wa mji hawakumtaka yeye kwanza. Walimtaka Telemann, kisha Graupner, na walipowakosa hao ndipo wakamchukua Bach. Alifundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas, na katika miaka ya mwanzo alitunga kantata mpya karibu kila wiki: aitunge, inakiliwe, ifanyiwe mazoezi, iimbwe Jumapili. Juu ya karatasi aghalabu aliandika herufi za kuomba msaada, na mwisho herufi za kusema kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Sisi watunzi wa tenzi, tunaoanza kwa bismillahi na kumaliza kwa kushukuru, twaielewa ada hiyo bila ya kufunzwa.

Tena alipenda kahawa! Kahawa ile iliyotoka Yemeni kwa bandari ya Mokha ilikuwa imeshaingia Leipzig, na tangu mwaka 1729 Bach alikuwa akiongoza kundi la wanafunzi wapiga ala katika mkahawa wa bwana Zimmermann. Alitunga hata kantata ya mzaha juu ya mzee anayemkataza bintiye kunywa kahawa, na binti akamshinda ujanja. Wazee wa baraza zetu wangeicheka sana.

Uzeeni macho yalimwishia. Katika mwaka 1750 tabibu wa Kiingereza, John Taylor, alimpasua mara mbili, akabaki kipofu, na tarehe 28 Julai mwaka huo akafariki. Alizikwa pasipo jiwe lenye jina. Karatasi zake wakagawana mjane na watoto. Carl Philipp Emanuel alilitunza fungu lake; kaka mtu, Wilhelm Friedemann, maisha yalimbana, akauza. Tanzia ilitaja mafungu matano ya kantata za mwaka mzima. Zilizobaki, kama 200 hivi, hazitoshi ila matatu. Mjane Anna Magdalena alifariki mwaka 1760 akiishi kwa sadaka.

Msomaji wa Lamu au Mombasa hapa atatikisa kichwa. Nani kati yetu asiyejua sanduku la marehemu babu fulani lililofunguliwa likakutwa limejaa vumbi la mchwa mahali pa tenzi? Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vifuani mwa watu, akishirikiana na Mwingereza Taylor, na hati zake leo zimo London.

Turudi kwa Bach. Mwaka 1829 kijana wa miaka ishirini, Felix Mendelssohn, aliifufua Berlin ile kazi kubwa iitwayo Mateso ya Mathayo, na watu wakashangaa. Mwaka 1850 kikaundwa chama cha kuchapisha kazi zote za Bach, na shughuli hiyo haikwisha ila mwaka 1899. Lakini kitabu cha nota ni cha mwenye fedha na mwenye kujua kuzisoma. Kwa asiyejua, lile lilikuwa ni kabati jengine, kubwa zaidi.

Wakaja Waholanzi. Huko Uholanzi kuna Chama cha Bach kilichoundwa mwaka 1921 ili kuimba yale Mateso ya Mathayo katika kanisa la mji wa Naarden. Miaka mia ya chama ilipokaribia, waliazimia kuzipiga na kuzipiga filamu kazi zote za Bach, zaidi ya 1,000, na kuziweka kwenye intaneti azitazame atakaye, bure. Walianza mwaka 2014, chini ya uongozi wa Jos van Veldhoven, wakitoa kipande kimoja baada ya kimoja, na sasa vimefika mamia. Kantata hupigwa makanisani. Kipande cha mtu mmoja pengine hupigwa nyumbani mwa mpigaji mwenyewe. Nao hutumia ala za zama zile za baroki: fidla zenye nyuzi za utumbo, zumari za mbao, na hapsikodi, ambayo mpenzi wa taarabu aifikirie kuwa ni kanuni iliyotiwa vibao vya kubonyeza.

Nami nitasema wazi kinachonifurahisha zaidi. Bure ya mtazamaji haikufanywa kwa jasho la mpigaji. Wapo wafadhili na wachangiaji wanaotoa fedha, mpigaji akalipwa ujira wake, kisha mlango ndipo ukaachwa wazi. Waimbaji wetu wa taarabu, ambao kanda zao zilinakiliwa madukani kwa mamia wao wasione hata shilingi, wanaijua tofauti ya kazi iliyotolewa na kazi iliyoibwa.

Mwenye simu na anayetaka kuanza, namshauri aanze na ile kantata ya kahawa, kisha kipande cha kwanza cha selo peke yake. Baadaye atafute Tokata na Fuga inayopigwa na Leo van Doeselaar kwa kile kinanda kikubwa cha mabomba katika kanisa la Martinikerk, Groningen. Atazame miguu ya mpigaji, maana vibao vingine viko chini na hukanyagwa. Mambo kama hayo ndiyo Bach aliyoyafuata kwa miguu mpaka Lübeck.