Papa Urbano II na Asili ya Vita vya Msalaba

Mara nyingi, watu wa dini mbalimbali wanapobishana, Vita vya Msalaba hutajwa kama fimbo ya kumpigia mwenzio. Huyu huvitaja ili kulishutumu Kanisa, na yule huvitetea vyote pasipo kubagua. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeviitisha, na sababu zilizomwongoza. Twaona yafaa kueleza habari za maisha yake, mema na machungu pia, maana ukweli haulidhuru Kanisa.

Jina lake la kwanza lilikuwa Odo. Alizaliwa karibu na mwaka 1035 katika nchi ya Champagne, Ufaransa, katika jamaa ya mabwana wakubwa. Alisoma mjini Reims, na mwalimu wake alikuwa Mtakatifu Bruno, ambaye baadaye alianzisha shirika la Wakartusi. Odo akapata cheo cha shemasi mkuu wa Reims, kisha akakiacha, akaingia utawani katika monasteri ya Cluny, chini ya Abate Mtakatifu Hugo. Papa Gregori VII akamwita Roma, akamfanya Kardinali na Askofu wa Ostia. Tarehe 12 Machi 1088, huko Terracina, alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Urbano II.

Hakurithi raha. Kaizari Heinrich IV wa Ujerumani alikuwa amemsimika papa wa uongo, na watu wa huyo waliushika mji wa Roma. Urbano akakaa miaka mingi kusini mwa Italia chini ya ulinzi wa Wanormandi. Aliporudi Roma kwa muda, alikaa katika kisiwa kidogo cha mto Tiber. Hata hivyo hakuwaogopa wakubwa. Mfalme Philip I wa Ufaransa alipomwacha mke wake wa halali na kumchukua mke wa mtu mwingine, Urbano alimtenga na Kanisa, ingawa alihitaji sana urafiki wa Wafaransa.

Basi vita vile vilitoka wapi? Yerusalemu ulikuwa chini ya Waislamu tangu mwaka 638, na kwa muda mrefu Wakristu waliendelea kuhiji huko. Kweli, mwaka 1009 Khalifa al-Hakim wa Misri alilibomoa Kanisa la Kaburi Takatifu, lakini waliomfuata wakaruhusu lijengwe tena. Jambo jipya lilikuwa nguvu za Waturuki Waseljuki. Mwaka 1071 waliwashinda Wagiriki vitani huko Manzikert, wakamteka Kaizari wao, wakaenea karibu Asia Ndogo yote. Njia za mahujaji zikawa za hatari.

Na huku Ufaransa kulikuwa na ugonjwa mwingine. Mabwana wenye farasi na silaha walipigana wao kwa wao, wakiwanyang'anya wakulima na kuchoma vijiji. Maaskofu walijaribu kuwazuia kwa kuweka siku ambazo mtu hana ruhusa ya kupigana. Wengi walitii, wengi hawakutii.

Machi 1095, Urbano alipofanya Mtaguso mjini Piacenza, wajumbe wa Kaizari Alexios wa Konstantinopoli walifika kuomba msaada. Papa aliona kwamba kwa tendo moja angeweza kuwasaidia Wakristu wa Mashariki, kuwavuta Wagiriki na Walatini warudie umoja uliovunjika mwaka 1054, na kuwaondoa wagomvi katika nchi ya Ufaransa. Novemba mwaka ule ule aliwakusanya maaskofu mjini Clermont, na tarehe 27 akauhutubia umati wa watu. Maneno yake hasa hatunayo, kwa sababu walioyaandika waliyaandika baada ya miaka kadhaa, kila mmoja kwa namna yake. Lakini amri ya Mtaguso twaijua: atakayekwenda kuukomboa Yerusalemu kwa ibada tu, wala si kwa kutaka sifa au fedha, safari yake itahesabiwa kuwa kitubio chake chote. Watu wakashona misalaba ya nguo katika mavazi yao.

Hapo ndipo penye jambo la kupimwa. Kabla ya siku zile, hata askari aliyepigana kwa amri ya mfalme wake alipaswa kufanya kitubio kwa damu aliyoimwaga. Wanormandi walioivamia Uingereza mwaka 1066 waliwekewa na maaskofu wao kitubio cha mwaka mmoja kwa kila mtu waliyemwua. Miaka thelathini haijapita, na vita vyenyewe vikawa kitubio. Urbano aliwaza hija yenye silaha, ya watu wenye nidhamu, chini ya Askofu Adhémar wa Le Puy, waondoke tarehe 15 Agosti 1096, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Lakini neno likishatoka halirudi. Kabla ya siku ile kufika, makundi yasiyotii mtu yaliondoka, na mengine yakawashambulia Wayahudi wa miji ya mto Rhine, wakawaua kwa mamia huko Worms na Mainz. Askofu wa Speyer aliwaokoa walio wengi wa mji wake, wengine walishindwa. Askofu Adhémar alikufa Antiokia mwaka 1098. Tarehe 15 Julai 1099 jeshi likaingia Yerusalemu, na watu wenye msalaba kifuani wakawachinja Waislamu na Wayahudi, hata wanawake na watoto. Urbano alikufa Roma tarehe 29 Julai, habari hizo zisijamfikia. Na ule umoja na Wagiriki alioutamani ulipata jeraha kubwa zaidi mwaka 1204, jeshi jingine la msalaba lilipouteka na kuupora Konstantinopoli.

Papa Leo XIII alimtangaza Urbano kuwa Mwenye Heri mwaka 1881, na twaamini kwamba alikuwa mtu wa sala, mvumilivu, asiyetafuta mali. Lakini utakatifu wa mtu hauyafanyi maamuzi yake yote kuwa bila hasara. Yeye alitaka amani nyumbani, akaipeleka vita ugenini. Na aliyepewa upanga pamoja na msamaha hakujua tena mahali pa kukomea.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwaasa Wakristu na Waislamu wayasahau magomvi ya zamani na kutafuta kuelewana kwa moyo. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya Wakristu waliotumia nguvu wakidhani kwamba wanautumikia ukweli. Basi, wazazi, watoto wenu wakiuliza habari za vita hivi, msiwaambie kwamba ni uzushi wa maadui, wala msiwafundishe kuvionea fahari. Waambieni yaliyotukia, na ya Kaburi Takatifu, na ya Mainz, na ya siku ile ya Julai. Mtoto aliyeambiwa kweli nyumbani hatatikisika akiambiwa nje, wala hatamnyoshea kidole jirani yake kwa mambo ya miaka mia tisa iliyopita.