Thomson aliita jangwa mahali palipojaa wanyama

Unamjua swala tomi, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni? Jina lake limetoka kwa Joseph Thomson. Hata maporomoko ya Nyahururu, wengi bado huyaita Thomson's Falls. Sasa huyu jamaa alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka wa 1858 kijijini Penpont, Scotland. Alisomea jiolojia Edinburgh, na mwaka wa 1878 akapata kazi ya kumsaidia Keith Johnston kwenye safari ya kuelekea maziwa ya bara. Johnston akafariki njiani mwaka wa 1879. Hebu fikiria: una miaka 21, mkubwa wako amekufa, na mko katikati ya pori. Thomson hakurudi nyuma. Alisonga hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, msafara ukisimamiwa na Chuma, mmoja wa wale waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani.

Mwaka wa 1883 alisafiri kuelekea Umaasaini. Jaribio la kwanza lilikwama. La pili akaungana na Jumba Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani. Ili aheshimiwe, Thomson alijifanya mganga: anachanganya Eno itoe povu, kisha anang'oa meno yake ya bandia na kuyarudisha. Eno hiyo hiyo unayonunua dukani!

Mwezi Agosti wakafika tambarare zilizo chini ya Kilimanjaro, ambazo leo tunaziita Amboseli. Aliona vumbi, magadi na nyasi kavu, akaamua hilo ni jangwa. Papo hapo akashangaa wanyama wengi vile wanaishi aje hapo. Kumbe jibu lilikuwa chini ya miguu yake. Maji ya mlimani hupita ardhini na kutokea kwenye vinamasi. Nyasi nazo hukauka juu tu, mizizi inabaki hai ikingoja mvua. Wamaasai walilijua hilo, ndiyo maana walihama na ng'ombe kulingana na msimu. Yeye alipita wakati wa kiangazi, akaenda zake.

Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1885. Kusini mwa Umaasai alikuita jangwa, Laikipia akaimwagia sifa. Miaka ya 1890 sotoka ikamaliza ng'ombe, ndui ikaua watu. Walowezi walipokuja wakakuta watu wachache, wakasema ardhi haina mwenyewe. Mkataba wa 1904 ukawatoa Wamaasai Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Ule wa 1911 ukawatoa hata huko, wakasukumwa kusini.

Thomson hakuyaona hayo. Alifariki London mwaka wa 1895 akiwa na miaka 37 tu.

Na wewe wa Ruiru ama Thika, usidhani hii ni stori ya mbali. Tambarare za Juja pia zilikatwa zikawa mashamba ya walowezi. Mwaka wa 1909 Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda hapo kwa McMillan. Ukiwa Thika, tazama ule mlima ng'ambo ya mashamba. Wengi wetu tunauita Kilimambogo. Jina lake lingine, Ol Donyo Sabuk, ni la Kimaasai, maana yake mlima mkubwa. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema huku kulikuwa kutupu, muulize nani aliupa mlima jina.