Sheikh Al-Amin Mazrui na Gharama ya Elimu

Katika kisiwa hiki cha Mombasa, jina la marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui halihitaji kutambulishwa. Wazee hulitaja kwa heshima, na vijana wamelisikia misikitini hata kama hawajasoma alichoandika. Wengi humjua kuwa alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, mwenye magazeti, na mwanachuoni aliyeanza kuifasiri Kurani Tukufu kwa Kiswahili. Leo napenda kumtazama kwa upande usiotazamwa sana, nao ni upande wa gharama. Ni nani aliyelipia elimu yake? Na yeye alilipa nini, na kwa nani?

Nauliza hivyo kwa sababu kila mwaka barua za kuitwa vyuo vikuu hufika katika nyumba za Kibokoni, Kuze na Makadara, na furaha ya usiku wa kwanza hugeuka hesabu ifikapo asubuhi. Baba huuliza karo ni kiasi gani. Mama hufungua kasha kutazama dhahabu iliyobaki. Maisha ya Sheikh yana la kutufunza katika jambo hili.

Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui ulioutawala mji huu mpaka mwaka 1837. Lakini utawala ulikuwa umekwisha kuondoka mikononi mwao, na kilichobaki nyumbani kilikuwa ni elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake. Mwaka 1894 baba huyo akafariki, na mtoto akaachwa yatima akiwa na umri wa miaka 3 hivi.

Hapa msomaji na asimame kidogo. Mtoto yatima wa miaka 3 hana fedha, wala hana wa kumsemea. Angeweza kukua akibeba mizigo bandarini, na leo tusingekuwa na habari zake. Aliyemchukua ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye akamlea na kumsomesha. Hiyo ndiyo basari ya kwanza aliyoipata Sheikh Al-Amin. Haikuwa na fomu wala mhuri wa chifu. Ilikuwa ni jamaa kuona kwamba mtoto wa marehemu ni mtoto wake, na kwamba sahani ikiongezwa mkono mmoja haimalizi chakula cha nyumba.

Alipoinukia alikwenda Unguja kuongeza elimu. Kisiwa hicho wakati huo kilikuwa ndicho kituo cha maulamaa wa pwani yote, kutoka Lamu hadi Ngazija. Huko alisoma kwa mabingwa wawili ambao majina yao hayajafutika mpaka leo: Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Sisi tuliosoma vyuoni tunaijua desturi ya masomo ya namna hiyo. Mwalimu husomesha barazani kwake au msikitini, na hamtolei mwanafunzi bei ya kitabu anachomfunulia. Mgeni hupata pa kulala kwa watu wa mji. Anachodaiwa ni adabu, bidii, na kwamba naye atakapojua asimnyime mwenziwe.

Mimi mwenyewe nilisoma chuoni hapa Mji wa Kale, na nakumbuka fedha ndogo za Alhamisi tulizompelekea mwalimu. Aliyekuwa nazo alitoa. Asiyekuwa nazo alikaa kwenye mkeka ule ule, akasoma juzuu ile ile, wala hakuna aliyejua nani ametoa na nani hakutoa. Mwalimu alijua, na alinyamaza.

Sheikh Al-Amin alipokuwa mtu mzima alianza kulilipa deni lake, na alilipa kwa kalamu na kwa darasa. Alikuwa msomaji wa jarida la Al-Manar lililotoka Misri, na fikra za Sheikh Muhammad Abduh na Rashid Rida zilimwingia sana. Mwaka 1930 akaanzisha hapa Mombasa gazeti dogo la Kiswahili liitwalo Sahifa. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Magazeti hayo hayakudumu miaka mingi, lakini yalitikisa baraza za mji. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichochapishwa mwaka 1944. Mwaka 2017 kitabu hicho kilitolewa tena huko Leiden, Uholanzi, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, ili wasomi wa dunia wakisome.

Humo Sheikh hakuwabembeleza watu wake. Aliwaona Waislamu wa pwani wakiuza mashamba na nyumba, wakikopa, na fedha zikiishia kwenye harusi za mashindano, karamu za matanga na ngoma. Aliona watoto wa mataifa mengine wakisoma hesabu na ufundi, nao wakishika kazi za bandari na ofisi, na watoto wetu wakibaki kuwatazama. Rai yake ilikuwa wazi: elimu ya dunia si adui wa dini, Mwislamu anapaswa kuitafuta, na watoto wa kike wasiachwe nyuma. Lakini hakutaka mtoto apate elimu hiyo kwa kuitupa dini yake. Kwa hiyo aliwataka Waislamu watoe mali yao wajenge skuli zao, na yeye mwenyewe akaanzisha hapa Mombasa Madrasatul Ghazali. Aliandika pia vitabu vidogo vya kuwafundishia watoto dini yao.

Tuyapime maneno hayo kwa hesabu ya leo. Gharama ya usiku mmoja wa harusi katika ukumbi wa kukodi, pamoja na pambo, biriani na kanda za video, ni karo ya muhula, pengine ya mwaka. Sheikh hakuipinga furaha. Alichokipinga ni mtu kuazima ili asifiwe leo, kesho mwanawe akose ada.

Baada ya kuwa kadhi hapa Mombasa, mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho alikuwa nacho mpaka mwisho wa uhai wake. Darasa zake hazikusimama. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye baadaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu na mwandishi mashuhuri. Tarehe 1 Aprili 1947 Sheikh Al-Amin aliitika wito wa Mola wake, akiwa na umri wa miaka 56. Tafsiri ya Kurani alikuwa hajaimaliza. Historia ya ukoo wake aliyoiandika kwa Kiarabu ilikuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Aliacha mtoto wa kiume wa miaka 14, jina lake Ali. Yaliyompata baba yakawa yamempata na mwana: uyatima kabla ya masomo kukamilika. Baba alikuwa akitamani mwanawe aende Al-Azhar, Misri. Mambo hayakwenda hivyo. Kijana alipofanya mtihani wa shule alipata daraja la tatu, na Makerere, iliyokuwa ndiyo mlango wa elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote, haikumchukua.

Wakati huo huo jambo ambalo Sheikh alikuwa akililingania lilikuwa linaanza kutendeka. Mwaka 1948 iliundwa hapa Mombasa taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu, iliyojulikana kwa ufupi wa jina lake kuwa MIOME. Sultani wa Zanzibar alitoa pauni 100,000. Aga Khan alitoa pauni 100,000. Mabohora walitoa 50,000, na serikali ya kikoloni 50,000. Ardhi ya ekari 33 ilipatikana kwa hisani ya Sheikh Khamis Mohamed bin Juma. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor.

Ali bin Al-Amin aliajiriwa humo kuwa karani. Siku moja ya Maulidi alihutubu mbele ya Gavana Philip Mitchell, na kutokana na hotuba ile ukafunguka mlango wa ufadhili wa serikali. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, akamalizia masomo ya sekondari huko Huddersfield. Alipata shahada ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia mwaka 1961, na udaktari wa Oxford mwaka 1966. Makerere iliyomkataa ikampa uprofesa. Alipofariki Marekani mwezi Oktoba 2014 aliletwa kuzikwa hapa Mombasa, katika makaburi ya jamaa zake karibu na Ngome.

Ndugu msomaji, hebu tuhesabu. Baba alisomeshwa na jamaa na maulamaa. Mwana alisomeshwa kwa ufadhili. Hakuna katika hao wawili aliyeanza maisha na deni la fedha, lakini wote wawili walijiona wana deni la ilimu, nao walililipa mpaka mwisho.

Vijana wetu wamekuta njia nyingine. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ilianza nchini mwaka 1974, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopo huo umewainua wengi, wala si haki kuubeza. Lakini umekuwa na nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na hapo ndipo kijana wa Kiislamu anapokwama. Wako waliochukua kwa kuona ni dharura. Wako waliokataa kwa kuiogopa riba, wakabaki nyumbani na barua zao. Basari za maeneo ya bunge na za kaunti zipo, lakini mara nyingi ni haba, na mwenye kujuana hutangulia.

Mimi si mufti, na fatwa nawaachia wenyewe. Lakini naona si haki kumtwisha mtoto wa miaka 18 mzigo wa kuchagua baina ya dini yake na chuo, na sisi wazee tumekaa barazani tunakunywa kahawa. Sheria za wakfu zipo nchini tangu mwaka 1900. Mji wa Kale una nyumba zilizowekwa wakfu na wazee wetu. Tuna zaka, na tuna jamaa wenye kazi Ghuba na Ulaya. Kila mtaa ukijiwekea mfuko wake, wenye hesabu inayosomwa hadharani, na ukasomesha japo watoto wawili kwa mwaka, wa kiume na wa kike, kwa sharti kwamba nao wakipata kazi watasomesha wengine, baada ya miaka 10 tutakuwa na watu. Haba na haba hujaza kibaba.

Sheikh Al-Amin hakutuachia mali. Ametuachia vitabu, wanafunzi, na mfano wa yatima aliyepokea akatoa zaidi ya alichopokea. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie na sisi tuwe wenye kutoa. Amin.