Mzee Brånemark, jamaa aliyefanya mfupa ukumbatie skrubu



Leo nawaletea habari za mzee mmoja wa Sweden ninayemheshimu sana, na sababu yangu iko mdomoni. Nikiwa darasa la sita nilianguka na baiskeli, jino la mbele likang'oka. Tangu siku hiyo nikicheka mkono uko mdomoni. Mwenye pengo mwenzangu ananielewa! Nilipoanza kuulizia jino la kupandikiza ndipo nikakutana na jina la Per-Ingvar Brånemark.

Alizaliwa mwaka 1929 Karlshamn, kusini mwa Sweden, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Lund. Hakuwa daktari wa meno hata kidogo. Likumbukeni hilo, maana lilimletea taabu baadaye. Shughuli yake ilikuwa kuchunguza damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Mwaka 1952 aliweka vifaa vidogo vya titaniamu kwenye mifupa ya miguu ya sungura ili achungulie kwa hadubini. Kazi ilipokwisha akataka kuvitoa avitumie tena, maana vilikuwa ghali. Wapi! Vimeganda. Mfupa ulikuwa umekua ukakumbatia ile titaniamu mpaka havitoki.

Wengine tungelaani hasara. Mzee akaanza kujiuliza kwa nini. Titaniamu ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba sana ya oksidi, na mwili hauioni kama adui. Basi mfupa unaisogelea na kushikana nayo.

Mwaka 1960 alihamia Göteborg, akaendelea kupima kwa miaka. Mwaka 1965 akapata mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno ya kutafunia. Akamwekea skrubu za titaniamu kwenye taya, kisha meno juu yake. Jamaa alizitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Miaka zaidi ya 40!

Mnadhani walimshangilia? Thubutu. Madaktari wa meno wengi walimbeza. Huyu si mwenzetu, anajua nini kuhusu meno? Tena vipandikizi vya zamani vilikuwa vimeharibu taya za watu, kwa hiyo hofu yao ilikuwa na msingi. Ilibidi asubiri mpaka miaka ya 1970 ndipo wakubwa wa afya Sweden wakamkubali, na mkutano wa Toronto mwaka 1982 ukamfungulia milango ya Amerika Kaskazini.

Sasa hapa ndipo patamu. Skrubu zake zilichongwa kwa mashine, ukizitazama kwa macho ni laini tu. Kwa hiyo alisubiri miezi 3 taya la chini na 6 taya la juu kabla ya kuweka jino. Watafiti waliofuata wakajiuliza, je, tukizikwaruza? Wakazipiga kwa chembe ngumu kama mchanga, wakazichovya kwenye asidi.

Fundi ujenzi atanielewa haraka. Zege likiwa laini sana, plasta haishiki, mpaka uligongegonge kwanza. Kwenye taya, kinachofika kwanza kwenye skrubu ni damu. Ikiganda hutengeneza nyuzinyuzi, na seli zinazojenga mfupa hutambaa juu ya nyuzi hizo. Uso ukiwa laini, nyuzi huachia kirahisi. Ukiwa na mikwaruzo, zinashika, seli zinafika mpaka kwenye titaniamu yenyewe na kuanza kujenga mfupa palepale. Kwa wagonjwa wengi kusubiri kukashuka mpaka wiki 6 hadi 8.

Lakini msije mkadhani kadiri inavyokwaruzwa ndivyo inavyokuwa bora. Kipimo kinachopendwa ni kama mikromita 1 hadi 2, wakati unywele wako una unene wa mikromita 70 hivi. Ukizidisha, siku fizi ikishuka bakteria nao wanapata pa kujishikiza, wanaanza kuula mfupa pole pole. Na zile laini za mzee zisidharauliwe, ndizo zilizodumu na Larsson.

Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Ulaya ya wavumbuzi kwa kazi ya maisha yake yote. Alifariki Göteborg tarehe 20 Desemba 2014, akiwa na miaka 85.

Mimi pengo langu bado lipo, nadunduliza. Ila siku nikikaa kwenye kile kiti nitamuuliza daktari: skrubu yako uso wake ukoje, utasubiri muda gani, na nitaisafishaje? Nawe uliza kabla hujatoa hela. Wanaokuahidi jino la haraka haraka ni wengi, wakati mzee alisubiri miaka 13 kutoka kwa sungura mpaka kwa binadamu.

Nawasilisha. Wadau wenye mapengo, mnasemaje? Maoni hapo chini, na kucheka ruksa...