Bwana Samuel Hahnemann, Mganga wa Matone

Wasomaji wetu wa Ipililo waliopata kupasuliwa hospitalini wanajua jinsi ulivyo mrefu usiku ule wa kwanza, nusukaputi ikiisha kumtoka mtu. Saa hizo mgonjwa hupokea cho chote apewacho, na katika nchi nyingi wako wapewao vidonge vidogo vitamu vya arnika, dawa ya homeopathia. Leo twasimulia habari za mtu aliyeanzisha uganga huo.

Bwana Samuel Hahnemann alizaliwa tarehe 10 Aprili 1755 mjini Meissen, nchi ya Ujerumani, katika nyumba ya Kilutheri. Baba yake alikuwa mchora nakshi wa vyombo vya kaure, wala hakuwa na mali. Kijana akajifunza lugha nyingi, kisha uganga, akapata cheo cha udaktari huko Erlangen mwaka 1779.

Lakini kazi yake ikamhuzunisha. Waganga wa siku zile walimtoa mgonjwa damu bakuli kwa bakuli, tena wakamnywesha zebaki, hata wengine wakafa kwa dawa wala si kwa ugonjwa. Hahnemann hakuweza kuvumilia. Akauacha uganga, ingawa alikuwa na mke na watoto wa kulisha, akatafsiri vitabu ili apate riziki. Kwetu sisi, hapo ndipo alipokuwa mkubwa kuliko po pote maishani mwake.

Hata mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha Mskoti Cullen, akakuta habari za gome la mkwinini, mti ambao Wajerumani waliupanda baadaye hata kwetu Amani, milimani Usambara. Akalila gome hilo naye ni mzima, akaona baridi, kiu na moyo kwenda mbio, kama mwenye homa. Akakata shauri ya kuwa kitu kimwuguzacho mzima ndicho kimponyacho mgonjwa wa ugonjwa ufananao na huo. Neno zito mno kujengwa juu ya mwili wa mtu mmoja! Waliokunywa kwinini zamani watakumbuka masikio kuvuma, lakini homa haikuletwa na dawa.

Kwa kuogopa sumu akazimua dawa zake: tone moja katika matone 99 ya spiriti, na chupa ikapigwapigwa juu ya kitabu chenye jalada la ngozi, kisha tone moja la hayo katika 99 mengine, hata mara 30. Ajuaye hesabu ataona ya kuwa kabla ya kufika nusu dawa yenyewe imekwisha. Ndivyo ilivyofanywa arnika, ua la milima ya Ulaya ambalo watu wa vijijini walilipaka mahali palipovilia damu. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walitangaza jaribio lao: waliopasuliwa kifundo cha mkono, wengine walipewa arnika ya namna hiyo, wengine vidonge vitupu, pasipo kujua. Maumivu yao hayakupitana.

Basi kwa nini watu walimpenda? Mgonjwa wake hakutolewa damu wala kunyweshwa zebaki, akapata nafasi ya kupona mwenyewe. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1810. Wauza dawa wa Leipzig wakamshtaki kwa kuwa alijitengenezea dawa, naye mwaka 1821 akahamia Köthen. Mkewe akafa, mwaka 1835, naye ana miaka 79, akamwoa bibi Mfaransa, Mélanie, wakakaa Paris. Huko matajiri na maskini wakamwendea hata alipofariki tarehe 2 Julai 1843.

Katika siku za uhai wake Mjerumani mwenziwe, Sertürner, alitoa mofini katika afyuni. Dawa hiyo hupimwa kwa uangalifu, nayo hata leo hutuliza maumivu makali ya waliopasuliwa. Tena miaka mitatu baada ya Hahnemann kuzikwa, tarehe 16 Oktoba 1846, mgonjwa mmoja huko Boston, Marekani, alivutishwa etha, akakatwa uvimbe wa shingoni mbele ya waganga wengi, wala hakupiga kelele.